Homa ya Kompyuta ya Usharika

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mwaka huo ndipo shida ilipotushika. Baba alikufa kwa tumbo, si kwa vita. Nasema wazi kwa sababu kwetu Kamuli watu hupenda kudai kila aliyekufa miezi ile aliuawa na vita vya mpakani, wanaona ina heshima zaidi. Baba yangu aliumwa tumbo siku tatu akafa, basi. Mama akabaki na watoto watano, kibanja cha migomba na mibuni iliyozeeka, na mimi nikaacha shule nikiwa darasa la tatu. Walimu hawakuja kuniuliza. Nadhani walifurahi.

Kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha kitabuni atafute kwa mwingine. Nyumbani tulisema Kinyambo. Kiswahili nilikiokota kwa askari waliokuwa wakipita na kwa redio, hasa redio. Askari mmoja alimpa mama redio iliyokufa, akachukua mkungu wa ndizi. Nikaifungua kwa kisu cha kumenyea matoke. Ndani niliona waya mmoja umekatika, nikauunga kwa kuusokota tu, ikasema. Mama alinichapa kwa ajili ya kisu, kisha akakaa chini akasikiliza taarifa ya habari mpaka betri zikaisha.

Ndivyo nilivyokwenda Kihanga kwa mzee mmoja fundi redio, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Nilikaa kwake miaka kumi na kidogo. Hakuwa na kipimo chochote cha umeme. Kipimo chake kilikuwa kidole. Alinifundisha kulowesha mgongo wa kidole kwa mate na kugusa vitu vya ndani kimoja kimoja, taratibu, mpaka ukutane na kinachochoma kuliko wenzake. Mgongo wa kidole, si ncha. Ncha imekomaa kwa jembe, haisikii kitu. Nimesoma chuo hicho, na cheti chake ni makovu.

Mwaka 1990 nikajenga kibanda changu mwenyewe Bweranyange, kandokando ya barabara, kwenye kona ya kiwanja cha usharika mmoja wa Kilutheri ambao sitautaja. Kuta za udongo, bati nne, mlango uliotengenezwa kwa sanduku la majani ya chai. Mimi ni Mkatoliki. Mchungaji wa wakati ule aliniruhusu kwa mdomo tu, akasema Mungu hana shida na redio. Karatasi hakunipa. Kwa miaka minane kibanda kile ndicho kilichowalisha mama yangu, mke wangu na watoto, na sikuwa na kingine. Migomba ya Kamuli walishagawana wadogo zangu.

Basi mwaka 1998 ikaja kompyuta.

Ililetwa na marafiki wa usharika kutoka Ulaya, ikapanda lori kutoka Bukoba, na kama unaijua barabara ile ya wakati ule utaelewa kwamba kilichofika si kile kilichoondoka. Ilikuwa kioo kikubwa kama kifua cha ng'ombe, na sanduku la wima la rangi ya uji wa ulezi. Waliiweka ofisini kwa karani wa usharika, mama mmoja mpole aliyevaa miwani kwa kamba. Yeye aliishonea kompyuta nguo tatu za kufuma kwa sindano: moja ya kioo, moja ya sanduku, na ya tatu ya lile dirisha dogo la ndani, nyuma ya meza, lililofungukia stoo. Ofisi ilikuwa nyembamba, kwa hiyo sanduku lilisukumwa mpaka mgongo wake ukagusa pazia la dirisha hilo. Jenereta iliwashwa kila siku saa tatu asubuhi.

Miezi miwili ya kwanza kompyuta ilikwenda vizuri. Kisha ikaanza kuganda. Mama Karani anaandika, nusu saa, picha inasimama kama imemwona nyoka. Ukigonga vitufe, kimya. Ukiizima na kuiwasha, dakika kumi, imeganda tena. Ukiiacha ilale mpaka kesho, inaamka nzima kabisa, na baada ya nusu saa, yale yale.

Wakamwita fundi kutoka mjini. Alikuja na tai na begi, akakaa nayo asubuhi nzima, akatoa ripoti mbele ya baraza la wazee: "Hii mashine ina virusi."

Alikuwa mtu wa mjini, hakujua ametamka nini. Kagera yetu, miaka ile, virusi lilikuwa neno la kunong'onezwa. Kila nyumba ilikuwa imezika. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba chuma nacho kinaweza kuwa navyo. Bibi mmoja wa baraza akauliza kwa sauti ndogo, "Imevipata wapi?" Fundi akajibu, "Labda ilikuja navyo." Ikawa mbaya zaidi. Kuanzia siku hiyo Mama Karani aliandika amevaa glavu za kufulia, na wanakwaya wakawa wanapita mbali na mlango wa ofisi.

Mimi haya nilikuwa nayasikia kibandani kwangu na kucheka. Sikujua nitalipia kicheko hicho.

Usharika ulikuwa unajiandaa kwa jubilei. Wageni wa Ulaya, wale wale walioleta kompyuta, walikuwa wanakuja, na kitabu cha historia ya usharika chote kilikuwa ndani ya ile mashine, hakijachapwa. Baraza likakaa kupanga usafi. Alikuwepo mzee mmoja wa kanisa, mweka stoo, mtu mrefu aliyeokoka zamani na ambaye kila mwenye harufu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, alimjua kwa hasara, maana alihubiri dhidi ya pombe bila kuchoka. Yeye ndiye aliyesimama akasema kibanda cha fundi redio kinaharibu sura ya usharika. Wageni wataona nini wakishuka garini? Udongo, bati zenye kutu, na Mkatoliki. Wakakubaliana kibomolewe.

Nililetewa habari hiyo nikiwa nimeshika chuma cha solda. Nikakiweka chini, nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji. Huyu alikuwa mchungaji mpya, kijana, mcheshi, mwenye haraka.

"Mchungaji, nasikia mnanibomolea."

"Ndugu fundi, kaa kwanza. Ni uamuzi wa baraza, si wangu."

"Kompyuta yenu imepona?"

"Hapana."

"Mimi nitaiponya."

Akaniangalia miguuni, akapanda mpaka kichwani. "Umewahi kufungua kompyuta?"

"Nyingi," nikasema.

Nilikuwa sijawahi hata kuigusa moja. Lakini uongo wa fundi ni kama nati ya muda, unaikaza kwanza ili kitu kisianguke, halafu unatafuta ya kweli.

Jioni hiyo baraza likakubali kwa masharti: nikiiponya kabla ya Jumapili, kibanda kinabaki. Nikishindwa, Jumatatu nakibomoa mwenyewe kwa mikono yangu. Mzee mweka stoo ndiye aliyeunga mkono haraka kuliko wote. Alicheka mpaka akashika goti. "Mwacheni ajaribu! Fundi wa mjini mwenye tai ameshindwa, huyu mwenye kandambili ataweza."

Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi saa tatu nikaingia ofisini. Nikamwambia Mama Karani nahitaji unyoya wa kuku, kitambaa kikavu, na kunyamaza. Akaleta vyote viwili vya kwanza. Nikafungua sanduku. Nakwambia ukweli, moyo ulikuwa unapiga kama injini ya mashine ya kusaga. Lakini nilipoona ndani nikatulia. Nyaya ni nyaya. Kulikuwa na kijisanduku cha umeme chenye feni nyuma, nikaamua hicho sikifungui, maana nilijua umeme unaokaa ndani ya vitu kama hivyo hata vikizimwa. Kulikuwa na ubao mkubwa wa kijani, ambao mafundi wanauita mazabodi, umejaa vitu kama soko la mnada. Na juu ya kila kitu, vumbi jekundu la Karagwe pamoja na inzi wadogo wadogo waliokufa. Mamia. Wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu.

"Hawa inzi wametoka wapi?" nikauliza.

"Sijui, fundi. Wamejaa humu siku hizi. Na harufu. Huisikii? Kama kitu kitamu kinachooza."

"Umemwambia mtu?"

"Nilimwambia mzee wa stoo. Akasema ni harufu ya plastiki ya Ulaya, ikipata joto inanukia hivyo."

Nikafagia kwa unyoya, nikawatoa inzi, nikawasha. Ikaenda nusu saa, ikaganda. Mzee wa stoo alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akaniuliza kwa upole wa kuudhi, "Nikuletee jembe la kubomolea, au unalo?"

Nikalowesha mgongo wa kidole.

Watu walidhani naiombea. Niliiacha mashine ikiwaka, nikaingiza mkono, nikaanza kugusa. Kile kikubwa chenye feni yake juu, ambacho ni ubongo, kilikuwa vuguvugu, sawa. Vile vijiti vya kumbukumbu, sawa. Nikasogea katikati, chini kidogo ya ubongo, kwenye kitu cha mraba kama biskuti, chenye kipande cha alumini cha meno meno juu yake, kama kichana. Kichana kilikuwa cha baridi.

Hapo ndipo fundi wa tai alipodanganyika, kama aligusa hata kidogo. Maana kichana kazi yake ni kunyonya moto wa kilicho chini yake. Ukikuta kichana cha baridi wakati mashine inaumwa, ama chini hakuna moto, ama havigusani. Nikapenyeza kidole pembeni, chini yake.

Niliruka. Nilisema neno la Kinyambo ambalo Mama Karani alijifanya hakulisikia. Ngozi ilibaki kwenye ile biskuti.

"Vipi?" akauliza.

"Nimempata," nikasema, nikiwa na kidole mdomoni. Nilikuwa nimefurahi kama mtu aliyeoa.

Baadaye sana mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia kitu kile kinaitwa chipseti, na kwamba ndicho kinachopitisha habari zote kati ya ubongo, kumbukumbu na vingine. Kikipata moto kupita kiasi kinachanganyikiwa, na kila kitu kinasimama. Mimi sikujua jina. Nilijua tu kwamba kichana chake kilikuwa kimeshikwa na vibanio viwili vya plastiki, kimoja kilikatika njiani ndani ya lori, na dawa nyeupe iliyokuwa kati ya kichana na biskuti imekauka ikawa kama chokaa. Kichana kilikuwa kimeinama, kinaning'inia kwa mguu mmoja, hakigusi.

Hilo mimi nilikuwa nalijua kwa moyo. Transista kubwa za amplifaya zinafungwa hivyo hivyo kwenye alumini, na katikati hupakwa ile dawa nyeupe ili moto uvuke. Kibandani kwangu nilikuwa na amplifaya iliyokufa ya kwaya ya usharika huo huo, miaka miwili wameisahau. Nikaifungua, nikakwangua dawa nyeupe iliyokuwa bado laini, ya kutosha kupaka ukucha. Nikasafisha biskuti kwa spiriti ya taa, nikapaka dawa nyembamba, nikarudisha kichana. Kibanio nilikitengeneza kwa spoki ya baiskeli, nikaivalisha mpira wa vali ili chuma kisiguse mazabodi. Wazungu wangeona wangeomba kupiga picha.

Ijumaa tukawasha. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Mama Karani akavua glavu moja. Mimi nimekunja mikono kifuani, nasubiri mzee wa stoo aje nimwonyeshe. Saa na robo.

Ikaganda.

Sitasema uongo, nilikaa chini sakafuni. Mama Karani alinipa maji. Nilikuwa naona bati zangu nne zikishushwa moja moja Jumatatu asubuhi, na mimi ndiye nimepanda juu nashusha.

Nikalowesha kidole kingine. Kichana sasa kilikuwa cha moto. Vizuri, maana yake kinanyonya. Lakini kila kitu kilikuwa cha moto, hata bati la sanduku. Nikaweka kiganja nyuma, pale feni inapotoa hewa. Feni inazunguka, lakini hewa haiendi. Inatoka, inarudi, kama mtu anayepumua ndani ya blanketi. Nikainua pazia la kufuma la Mama Karani.

Nyuma ya pazia, upande wa stoo, dirisha lote lilikuwa limezibwa kwa majani makavu ya migomba.

Nilimkuta mzee wa stoo nje, anapanga viti vya jubilei na mke wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeshakata tamaa?"

"Naomba ufunguo wa stoo."

"Wa nini? Kompyuta iko ofisini."

"Mgongo wake uko stoo."

Akakohoa. "Ufunguo uko kwa mke wangu."

Mke wake akainua uso kutoka kwenye viti. "Kwangu mimi, baba watoto? Ufunguo huo hujautoa kiunoni tangu Pasaka. Hata kuoga unaoga nao."

Mzee akanyanyuka. Akatembea mbele yangu kama mtu anayepelekwa kituoni. Alipofungua mlango, wingu la inzi wadogo likatusalimia. Akanivuta ndani kwa mkono wa shati, akafunga nyuma yetu. Chini ya lile dirisha kulikuwa na lundo kubwa lililofunikwa kwa majani makavu na gunia, limepangwa kwa ustadi, limesukumwa mpaka likaziba tundu. Nikainua gunia. Vichane na vichane, njano inaanza kupendeza.

"Mzee, hizi ni mbire."

"Ni ndizi."

"Ni ndizi, ndiyo. Lakini ni mbire. Za kukamulia rubisi."

"Ni za wageni wa jubilei. Watakula."

"Wazungu wale mbire? Midomo itakunjamana washindwe kuimba."

"Wewe Mkatoliki, punguza sauti."

"Na ile plastiki ya Ulaya inayonukia?"

Akaketi juu ya kiti cha jubilei. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mzee.

"Nyumbani nikizivundika shimoni mke wangu atajua," akasema. "Nikiziweka juu ya jiko moshi utasema. Mke wangu ana pua, waitu, ndugu yangu, hujawahi kuona. Siku moja nilipita hapa stoo, nikaweka mkono kwenye dirisha. Nikakuta joto. Joto safi, halina moshi, saa tatu mpaka saa sita, kila siku ya Mungu. Nikajaribu kichane kimoja. Siku nne, kimeiva! Shimoni ni wiki nzima."

Ningependa kusema nilimdharau, lakini nilimheshimu. Kompyuta pekee Bweranyange nzima, watu wanaiogopa kama kaburi, na mzee huyu peke yake ndiye aliyeona inafaa kwa kazi gani. Tatizo ni kwamba alikuwa anaiba pumzi yake. Alikuwa ameizibia mashine pua ili ndizi zake zilale vizuri, na biskuti ya chini ya kichana ndiyo iliyokuwa inaungua.

"Utasema?" akauliza.

Unaweza kudhani hapo nilimtisha. Sikumtisha. Nilimwuliza swali moja tu.

"Mzee, hivi kibanda changu kinaharibu sura ya usharika?"

Akatazama mbire. Akatazama mlango. "Si sana."

"Si sana?"

"Hakiharibu."

"Basi tuzitoe kabla mchungaji hajaja."

Stoo ilikuwa na mlango wa nyuma unaotokea kwenye migomba. Tukazipeleka kibandani kwangu, yeye akichungulia njia, mimi nikibeba. Safari ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu nimejitwisha gunia kichwani, vichane vinachungulia juu kama kofia ya chifu, nikakutana na mchungaji uso kwa uso kwenye kona.

"Ndugu fundi! Hizo nazo ni spea?"

"Ndiyo mchungaji. Nimezitoa kwenye kompyuta."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Nilikuwa nimesema kweli tupu, neno kwa neno, na mtumishi wa Mungu akacheka. Nikapita. Mzee wa stoo alikuwa nyuma ya mgomba, uso wa kijivu kama majivu.

Tukafagia stoo, tukafungua dirisha lake la nje, hewa ikapita. Jumamosi saa tatu mchungaji mwenyewe akaja kukaa na saa yake mkononi. Nusu saa. Saa moja. Saa na robo, pale ilipogandia, Mama Karani akaacha kuandika akafumba macho. Mashine ikaendelea. Saa mbili. Akaanza kuchapa kitabu, kurasa zinatoka moja moja kwenye printa iliyokuja na kompyuta, na kila ukurasa ukitoka anausoma kwa sauti kama hajauandika yeye. Zilipotimia saa tatu na dakika chache kila kitu kikazimika ghafla, nikalowesha kidole nikakimbilia sanduku, mpaka tukasikia nje kuwa jenereta nayo imenyamaza. Dizeli ilikuwa imeisha.

Mama Karani akavua glavu ya pili, akaitupa kapuni.

"Kwa hiyo vile virusi?" mchungaji akaniuliza.

"Hakukuwa na virusi. Ilikuwa homa tu. Ilikosa hewa, na dawa yake ya moto ilikauka."

"Ilikosa hewa kwa nini?"

Mzee wa stoo alikuwa mlangoni. Nikamwangalia. Akaangalia viatu vyake.

"Vumbi, mchungaji," nikasema. "Karagwe ina vumbi."

Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba mashine haina virusi na haijawahi kuwa navyo, watu wasiogope. Mimi nilikuwa kwenye misa yangu, lakini nililetewa habari kabla sijatoka mlangoni. Na kwenye baraza lililofuata, mzee wa stoo alisimama akasema jambo lililowashangaza wote: kwamba ruhusa ya mdomo haitoshi, fundi aandikiwe ile kona ya kiwanja iwe yake, ajenge vizuri, maana usharika una kompyuta na kompyuta inahitaji jirani. Mchungaji mpya alipenda karatasi, akaandika siku hiyo hiyo, wazee wakaweka sahihi. Wa kwanza kuweka ni mzee wa stoo.

Zile mbire haikufaa zioze. Nilizipeleka Kamuli kwa mjomba wangu, anayejua kukamua. Rubisi ilirudi katika dumu ambalo mimi nililiandika kwa rangi nyekundu, kwa herufi zangu mbaya: MAJI YA BETRI. Likakaa kwenye rafu, kati ya dumu la maji ya betri ya kweli na dumu la mafuta ya taa. Na kuanzia hapo, kila Jumamosi alasiri, mzee wa stoo alikuwa anakuja kibandani kwangu na betri chini ya kwapa kuichaji. Tulikuwa tunafunga mlango kwa ajili ya vumbi. Aliniletea betri ile ile kwa miaka sita. Hakuwa na redio.

Aliendelea kuhubiri dhidi ya pombe mpaka mwisho, na kwa kweli alihubiri vizuri zaidi kuliko zamani, alikuwa anajua anachokisema. Leo nayasema haya kwa sababu yeye ameshatangulia, na hata mke wake. Msibani kwa mzee nilikwenda kumpa pole yule mama. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanivuta karibu, akaniambia sikioni, taratibu kabisa:

"Asante kwa kunitunzia mzee wangu, mwanangu. Ila ile betri ilikuwa inachukua muda mrefu sana kujaa."

Nilimwamkia tena, shikamoo, kama ndiyo kwanza nafika. Akaitikia marahaba akicheka na machozi yanamtoka.

Watu huniuliza mtu wa darasa la tatu amepata wapi mali. Nawaonyesha karatasi ile ya baraza. Bila kona ile ningerudi Kamuli kulima migomba ya wadogo zangu. Leo hii nina hivi:

Kiwanja cha kona Bweranyange, chenye hati. Juu yake nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu vya biashara mbele, na karakana yangu nyuma. Nyumba ya kuishi, bati za rangi. Kibanja cha migomba na kahawa Kihanga, nilichonunua mwenyewe. Ng'ombe wanne. Pikipiki moja, nzima, na nyingine ya kutoa vipuri. Kompyuta mbili zinazofanya kazi. Paneli za jua sita. Watoto saba waliosoma kunizidi, na wote wananiletea simu zao niwatengenezee.